Fundi Ajibu: Laptopu ya Linux inataka kinga gani?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zilizokataliwa na Windows 11 zimehamia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na maswali yamehama nazo. Safari hii tumeyatengea nafasi yale ya usalama. Amri zote tulizoandika ni za Ubuntu na Linux Mint, aina mbili za Linux. Fungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Ukiombwa nenosiri baada ya sudo, neno la kuomba mamlaka ya msimamizi, herufi hazionekani unapoziandika. Kompyuta haijakwama, malizia, ubonyeze Enter.

SWALI: Wataalamu, hamjambo? Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Nimeondoa Windows 10 nikaweka Linux Mint 22. Muuzaji mmoja hapa mtaani ananisukumia antivairasi ya shilingi 2,500, anasema bila hiyo nitaibiwa kila kitu. Rafiki yangu naye anaapa kwamba Linux haishikwi na virusi kamwe. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Hatujambo, ndugu. Wote wawili wamekosea, ila kosa la rafiki yako halikugharimu shilingi 2,500. Kabla hujafungua pochi, geuza hicho kipakiti usome upande wa nyuma, panapotajwa mifumo inayokubalika. Antivairasi nyingi zinazouzwa hivyo ni za Windows, na faili yake ya kusakinishia huishia na .exe. Mint haitaiendesha. Hata ukiilazimisha kupitia Wine, programu ya kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux, itakuwa kama askari wa usiku aliyefungiwa stoo: yuko, lakini halindi kitu.

Virusi vya Linux vipo. Vingi huwinda seva, ruta na kamera za mtandaoni ambazo wenyewe wameziacha na nenosiri la kiwandani. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, hatari huingilia kwingine: tundu la mfumo ambalo halijazibwa, programu iliyookotwa ovyo, na mwenye kompyuta mwenyewe kuandika nenosiri lake kwenye ukurasa bandia wa iTax au wa benki. Hilo la tatu halijali unatumia Windows au Linux.

Tuanze na tundu, maana ndilo watu hulidharau. Ndani ya karibu kila Linux ya mezani kulikuwa na programu iitwayo pkexec iliyobeba kasoro tangu 2009. Kampuni ya Qualys iliifichua tarehe 25 Januari 2022, ikaiita PwnKit: mtumiaji yeyote wa kawaida ndani ya kompyuta aliweza kujipa mamlaka yote ya msimamizi. Kiraka cha Ubuntu kilitoka siku iyo hiyo. Aliyesasisha aliziba. Ambaye hakusasisha asingeokolewa na antivairasi kwa urahisi, kwa kuwa pkexec si kirusi. Ni programu halali ya mfumo yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na hailipiwi: bonyeza alama ya ngao iliyo pembeni mwa mwambaa wa chini, ingia Edit, Preferences, kisha Automation, uwashe kusasisha kwenyewe. Mint 22 itapata viraka hadi Aprili 2029. Mint 21 ni hadi Aprili 2027. Msomaji aliye kwenye Mint 20 ajue kwamba muda wake uliisha Aprili 2025, na ngao yake ikionyesha alama ya vema haimaanishi yuko salama. Maana yake ni kwamba hakuna anayemtengenezea viraka tena.

Kazi ya pili ni faiawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano yanayoingia. Mint huja nayo, lakini imezimwa. Iwashe:

sudo ufw enable
sudo ufw status verbose

Amri ya pili ikujibu Status: active, na mstari wa Default useme deny kwa incoming na allow kwa outgoing. Basi, hapo umemaliza. Usianze kufungua milango kwa sababu umeona mtu akifanya hivyo kwenye video.

Ukitaka kujua nyumba ina milango mingapi, andika:

sudo ss -tulpn

Angalia safu ya Local Address. Penye 127.0.0.1 au [::1], huduma hiyo inaongea na kompyuta yako tu. Penye 0.0.0.0, [::] au nyota, inasikiliza yeyote aliye kwenye mtandao huo, iwe ni Wi-Fi ya hosteli au ya mkahawa. Ukiona namba 22, kuna SSH, huduma ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali. 445 ni Samba ya kushirikisha mafolda. 631 ni ya printa. Namba 631 ya UDP iangalie kwa makini. Septemba 2024 iligunduliwa kwamba huduma ya cups-browsed, inayotafuta printa mtandaoni, ilikuwa inapokea taarifa kutoka kwa yeyote, na kupitia hapo mshambuliaji aliweza kukupachikia printa ya uongo itakayoendesha amri zake siku utakapochapisha kitu. Viraka vilishatoka. Lakini kama huna printa ya mtandao, ya nini kuiacha ikisikiliza?

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Printa ya waya wa USB itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kitu kinachoweza kukatika baada ya kuwasha faiawoli ni KDE Connect, ile ya kuunganisha simu na laptopu. Ukiihitaji, ifungulie milango yake peke yake:

sudo ufw allow 1714:1764/tcp
sudo ufw allow 1714:1764/udp

Sasa antivairasi. Ya bure iliyozoeleka ni ClamAV, iliyo mikononi mwa Cisco tangu 2013. Iweke kama unapokea na kupeleka mafaili kwa watu wa Windows, kwa sababu sehemu kubwa ya inachokikamata ni virusi vya Windows. Kama huwapelekei watu mafaili, tungeiacha. Ukiiweka, jihadhari na jambo moja: kuna furushi la clamav na kuna la clamav-daemon. Hilo la pili hukaa macho saa zote na orodha nzima ya virusi ikiwa kwenye RAM, na huchukua zaidi ya GB 1. Kwenye RAM yako ya GB 4, ukifungua Firefox na LibreOffice, laptopu itaanza kusomasoma diski na kukwama. Weka la kwanza tu:

sudo apt install clamav

Upakuaji wa kwanza wa orodha ya virusi hupita MB 200, kwa hiyo usianze na bando la siku lililobaki kidogo. Ukijaribu sudo freshclam utaambiwa haiwezi kufunga faili ya kumbukumbu. Si kosa lako. Huduma ya kusasisha tayari inaendelea nyuma ya pazia, iache imalize. Kisha kagua folda unayoitaka:

clamscan -r -i ~/Downloads

Itakaa kimya kwanza, pengine nusu dakika au zaidi kwenye mashine ya zamani, kwa sababu kila mara husoma orodha nzima upya. Mwishoni tafuta mstari wa Infected files. Usiongeze --remove kamwe. ClamAV hushuku pia mafaili yasiyo na hatia, na ukiiruhusu kufuta, itafuta bila kukuuliza.

Na zile shilingi 2,500? Nunua flashi kubwa, uweke nakala za mafaili yako kwa Déjà Dup. Usichanganye na Timeshift iliyokuja na Mint: Timeshift huhifadhi mfumo, na kwa kawaida huziacha nje picha na hati zako. Wengi hugundua hivyo siku diski imekufa.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nikichapisha mitihani kwenye saiba, flashi inarudi ikiwa na shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Kwenye kompyuta za shule mafaili hayaonekani. Nyumbani natumia Ubuntu. Je, nikiichomeka nitaambukiza kompyuta yangu? Mitihani nitaipata?
Mwalimu, Njoro, Nakuru

JIBU: Mwalimu, mitihani yako ipo, na Ubuntu ndiyo mahali pazuri pa kuitafuta. Kirusi hiki hakifuti. Kinachofanya ni kuhamisha mafaili yako yote ndani ya folda moja, kuipa folda hiyo jina la herufi isiyoonekana, kuiwekea alama ya Windows ya kufichwa, kisha kuacha shotikati inayofanana na flashi. Mtu anapoibofya kwenye Windows, anaendesha kirusi kwanza, halafu folda inafunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Ubuntu haiijali ile alama ya kufichwa. Chomeka flashi, uifungue, na utaona vitu ambavyo Windows ilikuwa inavificha: folda ambayo chini yake hapana jina, shotikati inayoishia na .lnk yenye KB 1 au 2 tu, na mara nyingi faili ya .vbs, .js au .exe yenye jina la kubabaisha. Folda ya System Volume Information huwekwa na Windows yenyewe. Hiyo haina neno. Bonyeza Ctrl na H ili uone na yale ambayo Linux yenyewe huyaficha.

Fungua ile folda isiyo na jina. Nakili hati zako tu, .docx, .pdf, .xlsx na picha, uzipeleke kwenye folda mpya ndani ya laptopu. Usiburute folda nzima kwa pupa. Soma jina la kila faili hadi nukta ya mwisho: Kemia Kidato 3.docx ni mtihani, lakini Kemia Kidato 3.docx.exe ni mgeni aliyevaa sare ya shule. Faili za .lnk na .vbs hazina uwezo wa kujiendesha kwenye Ubuntu, hivyo laptopu yako haitaambukizwa kwa kuzitazama. Bado zinaweza kusafiri na wewe hadi kompyuta ya mwenzako.

Kagua nakala kwa clamscan kama tulivyoeleza hapo juu. Kisha fungua programu ya Disks, chagua flashi upande wa kushoto, soma ukubwa wake mara mbili ili usifute diski ya laptopu, na uifomati upya kwa FAT, au exFAT kama unabeba faili linalozidi GB 4, maana FAT haipokei faili la ukubwa huo.

Kwenye saiba, peleka PDF badala ya hati ya Word, na ikiwezekana itume kwa barua pepe ichapishwe moja kwa moja. Kuna flashi chache zenye swichi ndogo ubavuni ya kuzuia kuandikwa. Ukiipata, inunue bila kusita. Lakini mtihani wa kidato kizima kwenye flashi inayopita saibani ni hatari nyingine kabisa: mashine ile huenda ikabaki na nakala yake. Uliza mwenye saiba afute mbele yako, pamoja na kwenye Recycle Bin.

Mwisho, mwalimu, mwenzako akikuletea hati ya .docm au .xlsm, LibreOffice itakuuliza kuhusu makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati. Kataa. Alama za wanafunzi hazihitaji makro ili zisomeke.

SWALI: Niliwasha kusasisha kwenyewe kwenye Ubuntu 24.04, lakini ni miezi na hakuna kilichosasishwa. Natumia hotspoti ya simu, na stima hapa hosteli hupotea sana.
Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Umejitajia sababu zote mbili bila kujua. Ubuntu hufanya kazi hiyo kwa programu ya unattended-upgrades, nayo ina tabia mbili za adabu. Haisasishi laptopu ikiwa inatumia betri. Na haisasishi ikiona mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Simu ya Android ikitoa hotspoti huiambia laptopu kwamba data yake ni ya kupimwa, na laptopu inaamini. Hakikisha:

nmcli -f GENERAL.DEVICE,GENERAL.METERED dev show

Ukiona yes, au yes pamoja na neno guessed, basi ndiyo sababu. Ingia Settings, Wi-Fi, bonyeza gia mbele ya jina la hotspoti yako, uzime sehemu ya Metered. Au kwa amri, ukibadilisha jina:

nmcli connection modify "Jina la hotspoti" connection.metered no

Baada ya hapo jiunge upya na hotspoti hiyo. Ila sasa umeondoa breki, na bando linaweza kwisha ukiwa darasani: furushi moja tu la linux-firmware hupita MB 200. Njia ya mtu mwenye bando dogo ni kuchukua viraka vya usalama peke yake, laptopu ikiwa kwenye stima:

sudo unattended-upgrade -v

Hiyo huacha masasisho ya mapambo na kuleta yale ya hatari. Ukiwa na bando la usiku, pakua yote bila kusakinisha, kwa sudo apt update kisha sudo apt upgrade -d, halafu asubuhi sakinisha kwa sudo apt upgrade bila data nyingi. Bando likikatika katikati, rudia amri ile ile, huendelea palipoachwa.

Kuna mchezo mwingine hapo: Firefox ya Ubuntu ni ya snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuleta programu, na snap haifuati sheria ya unattended-upgrades. Hutafuta masasisho mara nne kwa siku hata kwenye hotspoti. Kama ndiyo inayokula data yako:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Hii inafanya kazi tu ikiwa mtandao umebaki na alama ya kupimwa, kwa hiyo chagua moja. Ushauri wetu ni kuacha Firefox ijisasishe na kubana kwingine. Kivinjari ndicho kinachokutana na watu wabaya kila siku.

Kuhusu stima: kukatika wakati wa kupakua hakudhuru. Kukatika wakati wa kusakinisha, hasa kama betri ya laptopu imekufa, huacha mafurushi nusu nusu, na kila amri ya apt baada ya hapo hulalamika kwamba dpkg was interrupted. Dawa:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Usizime kompyuta kwa nguvu hizo zikiendelea, hata zikikaa dakika kumi.

SWALI: Nina kibanda cha kusaidia watu kujaza fomu za KRA na eCitizen. Laptopu ina nakala za vitambulisho vya wateja. Juzi jirani yangu aliibiwa yake. Yangu ina nenosiri la kuingilia. Hilo linatosha?
Mama wa kibanda, Lurambi, Kakamega

JIBU: Halitoshi, mama. Mwizi hana haja ya kulijua. Atachomeka flashi yenye Linux ya majaribio, awashe laptopu kupitia hiyo, afungue diski yako, na vitambulisho vyote viko mbele yake ndani ya dakika tano. Nenosiri la kuingilia hulinda kiti. Diski haiguswi na ulinzi huo.

Kinachotakiwa ni kusimba diski nzima kwa LUKS, ili bila kauli ya siri ionekane kama takataka. Kwa bahati mbaya, chaguo hilo hutolewa wakati wa kusakinisha mfumo. Nakili kila kitu nje kwanza, kisha usakinishe upya. Kwenye Mint, ukifika hatua ya kufuta diski, bonyeza Advanced features, chagua LVM, halafu weka alama kwenye Encrypt. Kwenye Ubuntu 24.04 ni mahali hapo hapo, chaguo la LVM and encryption.

Kabla ya hapo, pima kama prosesa ya laptopu yako inasaidia kazi hiyo:

grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo

Ikijibu aes, hutahisi uzito wowote. Ikikaa kimya, kama zile za Core 2 Duo, itafanya kazi lakini kunakili mafaili makubwa kutachelewa. Kwa vitambulisho vya watu, ni afadhali kuchelewa.

Kauli ya siri iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Ukiisahau hakuna fundi wa Kakamega wala wa Marekani atakayekufungulia; anayekuahidi hivyo anataka hela zako. Kwa hiyo weka kauli ya pili, uiandike kwenye karatasi, uifungie nyumbani. Tafuta kwanza jina la sehemu kwa lsblk -f, ile yenye crypto_LUKS, tuseme ni sda3:

sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda3

Hifadhi pia kichwa cha LUKS, ambacho ni faili dogo la MB 16 hivi. Kikiharibika, hata mwenye kauli sahihi hafungui:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img

Faili hilo likae kwenye flashi iliyoko nyumbani. Likibaki kwenye laptopu hiyo hiyo, litapotea nayo.

Mambo mawili huwaangusha watu baada ya hapo. La kwanza, kufunga kifuniko jioni na kuondoka. Laptopu iliyolala bado ina ufunguo kwenye RAM, diski imefunguliwa. Izime kabisa unapofunga kibanda. La pili, mpangilio huu hutenga sehemu ndogo ya /boot, na matoleo ya zamani ya kiini cha Linux huijaza hadi masasisho yanagoma. Angalia kwa df -h /boot, na ikipita asilimia 80, endesha sudo apt autoremove --purge.

Na kuna sheria, mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja, pakiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe. Sheria hiyo hiyo inakuondolea wajibu wa kumwarifu kila mteja kama ulikuwa umeweka ulinzi ufaao, usimbaji ukiwamo. Lakini kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kutokuwa na nakala hizo. Mteja akishamaliza, futa, na ufute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Kitambulisho cha mtu aliyekuja mwaka juzi kinafanya nini hapo?

SWALI: Kila nikisasisha naambiwa Release file is not valid yet, na Firefox inasema tovuti si salama, hata ya benki. Nimevamiwa?
Msomaji, Bungoma

JIBU: La. Angalia tarehe ya kompyuta. Tuna hakika iko nyuma. Betri ndogo ya saa kwenye bodi mama imekufa, hivyo kila ukichomoa stima saa inarudi nyuma, na vyeti vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kutumika. Ya kompyuta ya mezani ni CR2032 ya volti 3, na huchomolewa kwa ukucha. Kwenye laptopu mara nyingi ni hiyo hiyo, ila imefungwa kwa nailoni na kushonewa waya wenye plagi. Nunua yenye plagi inayofanana. Kwa leo:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-ntp true

Saa ikisimama sawa, onyo litaondoka. Usizoee kubonyeza Accept the Risk, maana siku tovuti bandia ya benki itakapokuja kweli, kidole kitakuwa kimeshazoea.

SWALI: Mafunzo mtandaoni yananiambia ninakili mstari wa curl unaoishia na sudo bash. Ni salama?
Msomaji, Busia

JIBU: Mstari huo maana yake ni: leta maandishi kutoka kwa mtu nisiyemwona, uyaendeshe kama msimamizi kabla sijayasoma. Yapakue kwanza kwa curl -o faili.sh ukifuatisha anwani, uyafungue kwa less, na ukishindwa kuyaelewa, achana nayo. Tafuta programu hiyo kwenye hazina ya Mint au Ubuntu kwanza. Hata maduka ya programu si malaika: Mei 2018 mchezo uitwao 2048buntu uliondolewa kwenye duka la Snap baada ya kukutwa ukichimba sarafu za kidijitali kwa stima ya wenye kompyuta. Na kama unapakua Linux yenyewe, linganisha namba ya sha256sum, ile alama ya kutambulisha faili, na iliyo kwenye tovuti rasmi, herufi zote 64. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha 17.3 Cinnamon kwenye nakala yenye mlango wa nyuma.

SWALI: Nimeendesha rkhunter ikaniambia /usr/bin/lwp-request imebadilishwa na skripti. Nifute mfumo wote?
Msomaji, Webuye

JIBU: Usifute chochote. Faili hiyo ni skripti ya Perl tangu ilipozaliwa, na rkhunter, programu ya kusaka wavamizi waliojificha kwenye mfumo, imekuwa ikiilalamikia miaka nenda miaka rudi. Toleo lake la mwisho ni la 2018. Jiridhishe hivi:

dpkg -V libwww-perl

Ikikaa kimya bila kuandika lolote, mafaili ya furushi hilo ni yale yale yaliyotoka kiwandani.